Diploma ya Placide

Placide, mutoto wa kijiji chetu cha Wamaza, alikaa miaka mitatu kwenye shule ya Wazungu akijifunza kusema na watu. Kusema! Utadhani mama yake alimzaa bubu. Ili apate diploma ilibidi avae viatu, ajue Kifaransa, halafu ahutubie kijiji mbele ya mkaguzi Mzungu, na kijiji kielewe.

Basi akaja kutuhubiria habari za pamba, kwa Kifaransa kitupu, jua la saa sita likituchoma vichwa. Hatukuelewa hata neno. Tukapiga makofi ili anyamaze. Mkaguzi akafurahi, akasema kijiji kimeelewa, akampa diploma yake.

Sasa Placide ni bwana mkubwa wa matangazo. Anarudi kila wiki, na asiyepiga makofi anakula fimbo.