Mkono wa Kushoto wa Wamaza

Nilikwenda Wamaza kwa sababu ya mkono wa mtu ambaye sikuwahi kumwona. Sisi wa Kasongo tuna chama chetu cha wapiga kinanda, watu tisa, tunaokutana Jumapili alasiri nyuma ya duka la Papa Sefu. Wengine tunapiga kanisani, wengine kwenye harusi. Papa Sefu mwenyewe, Muislamu wa ukoo wa zamani wa mjini, hapigi kabisa. Anapenda kusikiliza, na betri inayowasha kinanda ni yake. Kila mtu anapiga wimbo mmoja, tunakula wali, tunabishana.

Jumapili moja alitusikilizisha kwenye simu wimbo wa chama cha Wamaza. Mkono wa kuume ulikuwa na sauti chache tu, lakini wa kushoto ulitembea kama mtu anayepita uani kwake bila taa. Tuliurudia mara nne. Mimi ni mwalimu wa shule, nimepiga kinanda parokiani miaka kumi na miwili, na sikuelewa mkono ule unafanya nini. Tulijua jina la mpigaji tu: Asumani. Tukakubaliana aje apige kwenye tamasha letu Jumapili inayofuata. Shule zilikuwa zimefungwa, nikasema nitakwenda kumchukua mimi. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona vidole vyake.

Alhamisi, kabla jua halijatoka, niliondoka Kasongo nyuma ya pikipiki ya kukodi ya Yuma. Tulipita mashamba ya mpunga, kisha muhogo, kisha majani marefu yaliyotupiga magotini. Baiskeli zilikuja mbele yetu zimebeba madumu ya mawese, wenyewe wakitembea na kuzisukuma. Kwenye daraja la magogo nilishuka nikavuka kwa miguu, Yuma akipitisha pikipiki polepole.

"Mama mwalimu," aliniuliza ng'ambo, "safari yote hii ni ya kuangalia mutu anapiga piano, ao kuna habari ingine?"

"Ni hiyo tu."

Alifikiri kidogo. "Basi na mimi nitaangalia."

Adhuhuri tulifika Wamaza. Nyumbani kwa Asumani tulimkuta mkewe, Mama Riziki, akitwanga sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu. Alinipa kiti na maji, akasema bwana iko shamba, halafu akaendelea kutwanga. Asumani alipofika, mtu wa makamo mwenye sauti ndogo, alininyooshea kiwiko badala ya kiganja.

"Unisamehe, mwalimu. Mukono ya kuume haifunge tena."

Jiwe lilimwangukia shimoni, alipokuwa akichimba dhahabu Salamabila. Vidole vimekauka vimenyooka, kama vya mtu anayekataa kitu. Nikauliza, basi mkono wa kuume tuliousikia ni wa nani. Alinyoosha kidevu kuelekea kwenye kinu.

Hapo niliona aibu. Mwaliko wetu ulikuwa wa mtu mmoja. Kwenye pikipiki tulihesabu nafasi yangu na yake. Nilisema hivyo hivyo, sikuficha.

Mama Riziki hakuacha kutwanga. "Aende. Kule Kasongo watu wenye mukono ya kuume iko wengi."

Asumani akaingia ndani kuweka jembe lake.

Ijumaa, baada ya swala, chama cha Wamaza kilikutana uani kwa jirani. Walikuja kama watu kumi na watano, Waislamu kwa Wakristo, wakulima wengi, na beseni la karanga za kuchemsha likazunguka. Kinanda kilikuwa na vibao vitatu visivyotoa sauti, na kila mtu alijua kuviruka. Wakaniomba nikae kuume kwa Asumani, tujaribu kama tutaweza kupiga pamoja Kasongo.

Nilipiga vizuri. Nilijaza kila nafasi niliyoiona. Asumani akaacha kupiga katikati ya wimbo.

"Mwalimu, unanijibu mbele sijakuuliza."

Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Tulianza upya na nikafanya kosa lile lile. Mara ya tatu niliondoka mwenyewe.

Mama Riziki, aliyekuwa akizungusha karanga, akafuta maji kwenye vidole, akakaa mahali pangu. Asumani alianza. Mama Riziki mikono yake ilikuwa mapajani. Nilihesabu, nikadhani amesahau. Kisha akaleta sauti tatu, akarudisha mikono mapajani. Mkono wa kushoto ukawa na uwanja wote, na ndipo nilipojua tulichokuwa tumesikia kwenye simu.

Nilimfuata Mama Riziki kisimani baadaye, nikamuuliza anajuaje wakati wa kuingia.

"Ninaangalia bega yake. Akivuta pumuzi, ninangoja." Akaijaza ndoo. "Wakati alikuwa muzima alipiga peke yake. Mimi nilisikia tu kelele."

"Na kwenda Kasongo hutaki?"

Alijitwika ndoo. "Ninataka. Lakini mimi ni mutu wa jembe. Ninajua nusu ya wimbo. Watanicheka."

Jumamosi asubuhi Yuma aliwasha pikipiki. Nyuma yake palikuwa na nafasi ya watu wawili. Nilimuuliza kama anaweza kunirudia mimi Jumatatu. Akatazama mawingu, akasema labda. Nikawaambia wapande wao.

"Mugeni haachwe hivyo," Asumani alisema.

Mama Riziki alinitazama usoni. "Na tamasha? Si ni yenu?"

"Nimekwisha kusikia."

Ulikuwa uongo nusu. Aliingia ndani akatoka na kitenge chake kizuri, akapanda.

Jumapili, saa ya tamasha, nilikuwa nikimenya muhogo na mama yake Asumani. Nilisikitika, na sioni sababu ya kusema vinginevyo. Jumatatu mvua ilinyesha kutwa. Jumanne adhuhuri pikipiki ikarudi, matope mpaka kwenye usukani, Asumani akashuka, kisha Mama Riziki akinyoosha mgongo.

Nikamuuliza ilikuwaje.

"Nilikawia kuingia," alisema. "Ile fasi ya kungoja, niliogopa watu watacheka. Walinyamaza. Walingoja na wao." Akaninawisha mikono, akatuwekea ugali, mimi na Yuma, tule kabla ya kuondoka.

Jioni ilitukuta barabarani, usiku tuliingia Kasongo. Tangu safari ile chama chetu hakitumi mwaliko kabla mmoja wetu hajakwenda kumwona mpigaji, kujua anapiga na nani. Hilo tumejifunza sote. Mimi kanisani bado naingia mapema. Kwaya haijaona kosa lolote, lakini sasa mimi nalisikia, kila Jumapili, na mara mojamoja ninafaulu kuiacha mikono yangu mapajani.