Aliyesimama kwa Nguo Nyeupe

Mke wangu alifariki mwaka 2017, katika hospitali ambayo kutoka dirishani ungeona ndege zikishuka kuelekea uwanjani. Alikuwa Mghana. Mimi ni Mtanzania, Mlutheri wa kuzaliwa, na nilikuwa nimemfuata katika kanisa lake la Grand Prairie, kando ya Dallas, kwa sababu hiyo ilikuwa rahisi kuliko kila mmoja kuendesha gari upande wake kila Jumapili. Niliingia katika kanisa lile kwa ndoa tu, na mke alipoondoka nikabaki humo.

Sikulia. Watu walinisubiri nilie, kisha wakaacha kusubiri. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa: upo, unauona, lakini ukiugusa ni kama unagusa mkono wa mtu mwingine. Nililala, niliamka, nilikwenda ghalani kupanga mizigo ya ndege, nilirudi.

Tulimzika Jumamosi. Watanzania wa Irving na Plano walijaa katika nyumba yetu ya kupanga, wakasukuma makochi ukutani, wakatandika magodoro sebuleni, wakapika. Siku ya tatu tulianua matanga kama tunavyofanya kwetu. Mzee mmoja wa chama chetu alisimama, akashukuru waliochanga na waliopika, akatangaza kwamba msiba umekwisha na kila mtu arudi kwenye shughuli zake. Tulikula pilau. Watu walitafuta viatu vyao mlangoni, wakaondoka. Kwa hesabu yangu jambo lilikuwa limefungwa.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kazini. Asubuhi hiyo shemeji yangu, kaka wa marehemu, alinipigia simu. Alikuwa bado hajarudi Houston anakoishi. Aliniuliza kama ningefika kanisani. Nilimwambia nina zamu.

“Sawa, shemeji,” alisema. “Ukiwa tayari.”

Nilidhani anazungumzia kusali. Nikarudi kwenye mizigo.

Kikundi chetu cha wanaosema Kiswahili hukutana katika ukumbi wa kanisa hilo mchana, baada ya ibada ya Waghana. Tuko Watanzania, Wakenya, Wakongo, na Warundi ambao kwa kweli ni Wakatoliki lakini huja kwa ajili ya lugha. Mwaka 2018 mchungaji aliomba mmoja wetu aandike kwa Kiswahili historia fupi ya kanisa hilo: lilivyoanza huko Ghana na lilivyokua, ili wageni tujue tunakaa katika nyumba ya nani. Wenzangu wote walinitazama mimi. Shule niliishia darasa la saba, na mengine nimeyasoma mwenyewe, kitabu kwa kitabu, kwa hiyo inajulikana kwamba nina muda wa mambo kama hayo. Mrundi mmoja tunayefanya naye kazi ghalani alinicheka.

“Mzee, unawaandikia Waghana historia yao? Na ya kwetu ataandika nani, Mchina?”

Nilikubali kwa sababu ilikuwa kazi, na kazi ndiyo kitu pekee nilichokuwa nakiweza.

Nilianza maktaba. Nilisoma juu ya wamisionari waliokufa kwa homa pwani, juu ya shule, juu ya Biblia kutafsiriwa, juu ya reli. Kila mwandishi alikuwa na sababu yake ya kanisa kukua na kila sababu ilikuwa nzuri. Nilichora ramani ya nchi ile na kuweka alama mahali makanisa yalipozaliwa. Alama zilianzia pwani, zikapanda, kisha zikageuka kuelekea magharibi ndani ya misitu, ambako hakukuwa na reli wala shule kubwa. Hapo vitabu vyangu vilikuwa vikipita haraka. Niliamua kumuuliza mama mkwe, kwa sababu alizaliwa huko.

Mama mkwe alikuwa akiishi na shemeji, kusini magharibi mwa Houston. Nilikuwa nashuka kumwona siku ambazo sina zamu, asubuhi kwenda na jioni kurudi, saa nne kila upande kama Dallas haina foleni. Tuliongea Kiingereza, yeye cha kwao na mimi cha kwetu, na kila mmoja alimwona mwenzake kuwa ndiye mwenye lafudhi. Alikuwa mfupi, mwenye figo mbovu na ulimi mzima. Tangu msiba nilimkuta kila mara katika gauni jeusi na kilemba cheusi. Nilidhani ndivyo wanavyovaa wazee wa kwao.

Mara za kwanza alinipa majibu ya kanisani. Bwana aliongeza kazi yake, neno lilienea. Nilikuwa nimezoea majibu hayo kutoka vitabuni. Nilimwonyesha ramani yangu, nikamwonyesha zile alama zinazogeuka magharibi, nikamuuliza: hapa ni nani aliyehubiri?

Aliitazama ramani kwa muda, akacheka.

“Hapo ni baba yangu,” alisema. “Na baba yangu alikuwa mhubiri mbaya sana. Watu walilala. Mama yangu alilala, na alikuwa amekaa mbele.”

Nilimuuliza basi kanisa lilikuaje.

Akanieleza, na alieleza polepole huku akimenya machungwa na kunisukumia vipande. Baba yake hakwenda msituni kuhubiri. Alikwenda kutafuta ardhi ya kakao, kama wengi wa wakati ule, na kwa kuwa alijua kusoma walimfanya mwinjilisti wa kijiji cha wakulima wageni. Kanisa lilikuwa ukuta wa udongo ambao mama mkwe mwenyewe, akiwa mtoto, aliubebea maji kutoka kijitoni. Waumini walikuwa familia chache tu, wote wa kwao, na kwa miaka hawakuongezeka. Kando yao waliishi vibarua kutoka kaskazini, wanaume waliokuja peke yao kufyeka msitu. Jumapili vibarua walipumzika kivulini nje ya kanisa, wakisikiliza nyimbo, na mahubiri yakianza walikwenda zao.

“Walikuwa na akili,” alisema.

Siku moja mti uliangukia kibarua mmoja akafa. Hakuna aliyejua kwao hasa ni wapi. Wenyeji wa ardhi hawakukubali mgeni kulala katika makaburi yao. Baba yake na wanaume wa kanisa walichimba kaburi nyuma ya ukuta wa udongo wakamzika. Lakini kwao, alinieleza, kuzika si mwisho. Aliyefiwa huvaa nyeusi, na baadaye huja Jumapili moja, akiwa na nguo nyeupe, husimama mbele ya watu na kumshukuru Mungu kwa maisha ya marehemu. Hapo ndipo msiba unafungwa. Mtu asiye na wa kumsimamia hubaki wazi, kama mlango. Kibarua yule hakuwa na mtu.

“Baba alimwomba mama kitambaa chake cheupe,” alisema. “Hakuwa na chake. Kilikuwa kifupi kwake, miguu yote nje. Akasimama mbele akasema, mimi ni ndugu yake. Vibarua walikuwa dirishani. Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha, nikasikia wameacha kuongea.”

Jumapili iliyofuata waliingia ndani, hata mahubiri yalipoanza. Na walipohamia mashamba mapya ndani zaidi ya msitu, waliomba kanisa liwafuate. Si kwa ajili ya mahubiri, alirudia. Walitaka kuwa na wa kuwasimamia. Akaweka kidole kwenye alama moja ya ramani yangu, kisha nyingine, akitaja kwa kila moja ni mgeni gani aliyezikwa pale kwanza: mvunja mawe, mwanamke aliyekuja kuuza chumvi, mtoto wa dereva wa lori.

Niliandika yote. Kisha nikauliza, kwa sababu napenda jambo likamilike: na ile nguo nyeusi, mtu huivua lini?

“Siku ya nyeupe.”

“Na asiposimama mtu?”

“Huendelea kuivaa.”

Nilitazama kilemba chake. Nadhani aliona natazama.

“Mama,” nilisema, “kwa nini wewe bado unavaa?”

Alimaliza kumenya chungwa alilokuwa nalo mkononi.

“Nakusubiri wewe, mkwe wangu. Wewe ndiye mume. Siwezi kukutangulia.”

Shemeji alinieleza mengine jikoni. Ile Jumapili nilipokwenda kazini, kanisa zima la Grand Prairie lilikuwa limekuja na nguo nyeupe. Walinisubiri. Aliposikia nina zamu alielewa kwamba nimesema siko tayari, akawaambia hivyo, na kwa kuwa mfiwa hasukumwi, hakuna aliyenigusia tena. Nilimweleza juu ya kuanua matanga, pilau, yule mzee wa chama. Alishika kichwa, kisha akacheka bila sauti. Alikuwepo siku ile. Alikula pilau ile. Alidhani ni chakula tu.

Sikuona haya, wala sikujiona mkosaji. Niliona tu jinsi ilivyotokea, hatua kwa hatua, kama mzigo uliopakiwa ndege nyingine kwa sababu karatasi mbili zote zilikuwa sahihi.

Kilichobaki kilikuwa rahisi kusema: nichague Jumapili. Sikuchagua. Mwaka 2019 wote niliendelea kushuka Houston na daftari langu, na mama mkwe aliendelea kunijibu maswali akiwa katika nyeusi, na hakunikumbusha. Ndipo nilipojua jinsi ilivyokuwa nzito kwake. Hakwenda harusi ya mjukuu wa dada yake, kwa sababu huwezi kuingia harusini na nyeusi ya mwanao. Picha ya mke wangu ilikuwa imegeuzwa uso kuelekea ukutani chumbani mwake. Shemeji aliniambia kwamba figo zinazidi kuharibika na kwamba mama alimuuliza, mara moja tu, kama atazikwa na hilo gauni.

Sababu yangu ilikuwa moja. Sikuweza kusimama mbele ya watu na kusema namshukuru Mungu, wakati nikitafuta ndani sikuti shukrani wala hasira wala chochote. Nimejizoeza kutosema jambo nisilolijua. Kusimama pale kungekuwa uongo, na uongo juu ya mke wangu.

Mwishowe, mwanzoni mwa 2020, nilimwambia hivyo hivyo. Tulikuwa mezani. Nilisema: “Mama, sisikii chochote. Tangu siku ile. Nikisimama nitadanganya.”

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto na mtu mzima.

“Nani amekuuliza unasikia nini? Baba yangu hakumjua yule mtu. Hata jina lake alikosea. Alisimama.”

Kisha akaniambia nile, chakula kinapoa.

Tulichagua Jumapili ya mwisho ya Machi, katika kanisa lao la Houston. Nilinunua shati jeupe. Kabla ya siku hiyo makanisa yakafungwa kwa sababu ya ugonjwa ulioenea, na kila mtu akaambiwa akae nyumbani. Nilimpigia simu nikapendekeza tungoje hadi mambo yatulie, na ilionekana kuwa busara, kwa umri wake na figo zake.

“Nimengoja,” alisema.

Basi nilishuka. Barabara ilikuwa tupu hivi kwamba nilifika mapema nikakaa ndani ya gari nje ya nyumba, nikiwa na barakoa niliyopewa ghalani. Shemeji alifungua mlango mkubwa wa chumba cha kuwekea magari, akatoa gari lake, akapanga viti kwa kuachana. Mchungaji alikuwa kwenye simu iliyoegemezwa juu ya kopo la rangi. Waumini kadhaa wa kanisa lao wanaoishi jirani walikuja na magari yao wakaegesha kando ya barabara, wamevaa nyeupe, vioo vimefungwa. Wameksiko wa nyumba ya pili walitoka kutazama nini kinaendelea, wakavua kofia.

Mama mkwe alitoka ndani akiwa bado na nyeusi, akakaa. Mchungaji aliomba, sauti ikakatika, ikarudi. Kisha ikawa zamu yangu.

Nilisimama. Mikono ya shati ilikuwa mirefu. Nilitaja jina la mke wangu kwa sauti, na nikagundua kwamba sikuwa nimelitaja hivyo kwa muda mrefu. Nikasema mimi ni mume wake. Nikasema namshukuru Mungu kwa maisha yake. Nilingoja nione kama kuna kitu kitavunjika ndani yangu. Hakikuvunjika. Magari yalipiga honi, moja baada ya jingine, na ilisikika kama foleni ya kawaida.

Mama mkwe aliinuka akaingia ndani. Alikaa kitambo. Alipotoka alikuwa amevaa nyeupe kuanzia kilemba hadi chini, na alionekana mdogo na mzee zaidi, kama mtu aliyenyoa ndevu alizofuga miaka mingi. Alipita mbele ya magari akiyumba kidogo, na akiwa hapo akacheza hatua chache, mkono mmoja juu, leso ikizunguka. Shemeji alimfuata nyuma, mikono tayari kumdaka. Hakuanguka.

Tulikula pale pale, sahani magotini, wali mwekundu na kuku. Nilimaliza sahani, akaamuru niongezewe, nikamaliza na ile. Aliniuliza kama historia yangu imekwisha. Nilimwambia imebaki sehemu ya misitu. Akasema nisiandike kwamba baba yake alihubiri vizuri, maana wako watu hai wanaojua.

Kabla sijaondoka aliniita chumbani nimsaidie kulifikia sanduku juu ya kabati. Picha ya mke wangu ilikuwa imegeuzwa tena, sasa inatazama kitanda. Alilikunja gauni jeusi, akakunja na kilemba, akavilaza humo bila kuvifungia kufuli. Nilimuuliza kama havitupwi.

“Kwa nini vitupwe?” alisema. “Bado vina kazi.”

Mwaka ule misiba ilifuatana, na havikukaa sandukuni.