Mpangaji wa Tumboni

Fundi makochi alipopewa figo na dada yake, daktari alimwonya kwamba askari wa mwili hawajui zawadi. Chochote kigeni, kiwe kijidudu au figo la ndugu, kwao ni adui. Kwa hiyo angemeza vidonge vya kuwatuliza maisha yake yote.

Alimeza. Lakini askari walipotulia, mafua nayo yakamganda kama kupe. Akachoka kupiga chafya juu ya vitambaa vya wateja, akaviacha vidonge kimyakimya. Mafua yakaisha, naye akajiona mjanja.

Dada akipita karakana humtania, "Mpangaji wangu hajambo?"

"Hajambo, mtulivu kuliko mwenye nyumba."

Kumbe askari walishaamka na kumgeukia mpangaji. Miguu ya fundi ilipoanza kuvimba, figo lilikuwa limeshakufa.

Sasa fundi amelala kando ya mashine ya kusafisha damu, dada yake ameketi karibu, anamkunjia shuka miguuni.

"Mdogo wangu, si ungeniambia tu mafua yanakusumbua? Ningekuletea leso."

Fundi akashika kovu lake tumboni. Afadhali dada angemtukana.