Bibi Kwenye Kiti cha Kapteni

Nakumbuka Jumapili moja ya masika, mwanangu, mvua imetufungia ndani kule Lemara, na sebule yetu imegeuka chumba cha marubani wa ndege ya abiria. Sikutanii. Kiti cha kushoto, ambacho ndicho cha kapteni, alikikalia Bibi, mama yake baba yangu, na ungo wa maharage mapajani. Kiti cha kulia alikaa dada Aikande, binti wa baba yangu mkubwa. Mbele yao ukutani tulikuwa tumebandika picha ya vyombo vya ndege, kubwa kiasi kwamba ilifunika kalenda ya usharika, picha ya harusi ya wazazi na nusu ya dirisha. Na katikati ya viti, nimejikunja sakafuni nyuma ya sanduku la mbao, nilikuwa mimi. Mimi nilikuwa mashine.

Ngoja nikueleze vizuri, usije ukadhani mzee wako ameanza kupotea njia.

Aikande alikuwa rubani wa ndege ndogo za watalii pale Kisongo. Alitua kwenye viwanja vya nyasi kule Serengeti kwa upole ambao, naapa, swala waliendelea kula. Katika ndege zile nguvu ya injini inatoka mkononi mwa rubani. Anasukuma kishikio, injini inanguruma, anavuta, inatulia. Mkono wake ulifanya kazi hiyo miaka mingi mpaka ukawa na akili zake wenyewe.

Kisha kampuni moja ya ndege kubwa ikamchukua na kumpeleka nje ya nchi kujifunza. Huko akakutana na kitu ambacho marubani wanakiita autothrottle. Sisi Lemara ulimi ulichoka mapema, tukamwita Oto. Kazi ya Oto ni hii: rubani anazungusha kitufe na kuchagua mwendo anaoutaka, kompyuta inalinganisha mwendo huo na mwendo halisi wa ndege, halafu mota inasogeza vishikio vya injini. Pua ya ndege ikiinuka, mwendo unataka kupungua, Oto anasukuma mbele. Pua ikishuka, ndege inataka kukimbia kama toroli lililoachiwa mteremkoni, Oto anarudisha nyuma. Ziko ndege ambazo vishikio hukaa palepale na kompyuta ikanong'onezana na injini pembeni. Ya Aikande ilikuwa ya aina nyingine: vishikio vinatembea vyenyewe mbele ya macho yako, kana kwamba vimeshikwa na mtu usiyemwona.

Basi Aikande alivishika kama aliyemkamata mwizi wa kuku. Oto akisukuma, yeye anavuta. Walipomwambia alegeze, akalegeza kupita kiasi, mikono yote mapajani kama yuko ibadani, na Oto alipozimika hakujua mpaka mwendo umeshuka. Mtihani wa kwanza akashindwa. Mtahini akamwambia aende nyumbani apumzike, atapewa nafasi moja ya mwisho. Akishindwa hiyo, ni kurudi kwenye ndege ndogo, na mlango wa ndege kubwa umefungwa.

Lililomuumiza zaidi lilikuwa Bibi. Bibi hakuwahi kupanda ndege, na alikwisha kutangaza kanisani, sokoni na hata kwenye saluni ambako hajawahi kusukwa nywele, kwamba atapanda siku ile tu mjukuu wake atakapokuwa amekaa mbele.

Mimi wakati huo nilikuwa fundi seremala mchana, na ikifika jioni ni mwanafunzi. Kidato cha nne nilikitafuta ukubwani, nikikaa dawati moja na watu wenye wajukuu. Fizikia niliipenda mpaka mwalimu akaanza kunikwepa. Na nguvu nilikuwa nazo, mwanangu. Ningeambiwa nisogeze Mlima Meru kidogo watu wa Njiro wapate kivuli, ningeuliza tu niuweke usawa wa nyumba ya nani. Kwa hiyo Aikande aliponieleza shida yake, nikachukua mabaki ya mbao za kabati la mteja, nikatengeneza sanduku lenye vishikio viwili juu, na kwa nyuma mpini wangu. Nikisukuma mpini, vishikio vinakwenda. Ndege kamili, ikikosa mabawa tu.

"Kapteni, uko tayari?" Aikande akamuuliza Bibi.

"Niko tayari. Lakini mbona unashika kwa mkono wa kushoto? Nani alikulea wewe?"

"Nimekaa kulia, Bibi. Vishikio viko upande wa kushoto kwangu. Hata wazungu wanafanya hivihivi."

"Na hao nani aliwalea?"

Tukaanza. Ndege kubwa haikurupuki. Aikande alisukuma vishikio mwenyewe hadi kama nusu, akangoja injini zote mbili zilingane, kisha akabonyeza kitufe cha kuruka, na hapo ikawa zamu ya Oto. Nikasukuma. Mkono wake ukakaza. Nikaongeza nguvu, maana nilitaka ajue Oto si mtu wa mchezo. Naye akaongeza. Sanduku likaanza kutembea sakafuni, kiti cha kapteni kikainama, na maharage ya wiki nzima yakamwagika mpaka chini ya kochi.

Bibi hakupandisha sauti. Alinitazama juu ya miwani.

"Samweli, unamsaidia dada yako au unashindana naye?"

"Bibi, mashine haina huruma."

"Ya kweli inayo," Aikande akasema, anahema. "Ndani yake kuna mahali pa kuteleza. Rubani akiamua kusukuma au kuvuta, mkono wake ndio unaoshinda, mota inateleza. Na pembeni ya vishikio kuna kitufe. Ukikibonyeza Oto anaachia palepale, hagombi."

"Umesikia?" Bibi akaniuliza. "Mota ina adabu kuliko wewe. Okota maharage."

Niliokota maharage, mwanangu, nikiwa nimelala kifudifudi, na sijawahi kufikiri vizuri kama siku ile. Nilikuwa najiona mkombozi, kumbe kazi yangu yote niliifanya ili mimi nionekane hodari. Dada yangu alikuwa anapoteza ndoto yake na mimi namwonyesha misuli.

Nikaufungua mpini, nikauunganisha upya kwa mkanda wangu wa suruali ili uteleze ukikutana na nguvu. Kesho yake jioni nilikwenda shule nimejifunga kamba ya katani, na nilitembea kwa heshima kuliko mkuu wa mkoa.

Kuanzia hapo mambo yakabadilika. Nilisukuma taratibu, na Aikande alipoona hakuna wa kupigana naye, kiganja kikaanza kulegea. Mwishoni kilikaa juu ya vishikio kama unavyoweka mkono juu ya kichwa cha mtoto anayetembea mbele yako: humburuti, humwachi. Nikisimama ghafla kujifanya nimezimika, alikuwa anajua kabla sijamaliza kusimama. "Oto amekufa," anasema, na mkono wake unaendelea na kazi.

Likabaki jambo moja gumu. Ndege ikikimbia kuruka, kuna mwendo unaitwa vi-wan. Kabla yake, likitokea baya, unaweza kuvuta vishikio na kusimama. Ukishaufika, barabara iliyobaki haitoshi. Liwe liwalo, unaruka. Kwa hiyo kabla ya vi-wan mkono unakaa kwenye vishikio, tayari. Mwenzako akitamka neno hilo tu, unautoa, unaupeleka kwenye usukani, usije ukashawishika kuvuta. Hata Oto mwenyewe anakuwa ameshaachia mapema, vishikio vimebaki vimetulia, hakuna mota ya kuvirudisha.

Kutamka ilikuwa kazi ya Bibi. Alitamka vi-wan pale roho yake ilipomtuma, wakati mwingine katikati ya kupuliza maganda, na Aikande asipotoa mkono upesi anaguswa kwa mwiko.

"Vi-wan, mama. Toa."

"Nimetoa, Bibi."

"Kidole kimebaki."

Siku ya Aikande kurudi kwenye mtihani wake, jirani alitupeleka uwanjani kwa gari lake. Mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni. Kwenye mlango ambao wasiosafiri hawapiti, nilikuwa nimebeba sanduku la nguo la Aikande, na nikaona ni vyema nimkumbushe. Nikamkumbusha kuhusu kulegeza kiganja, kuhusu kungoja injini zilingane. Aikande alishika sanduku upande wake, akavuta kidogo. Nikaendelea. Watu wakatupita. Nikamwambia kama mambo yakiwa magumu anifikirie mimi nikiwa nimejikunja sakafuni. Akavuta tena, machozi yanamlengalenga, na mimi bado nimeshikilia.

"Samweli," Bibi akasema nyuma yangu, kwa upole kabisa. "Vi-wan."

Mwanangu, nilitoa mkono. Vidole vyote. Aikande akacheka huku analia, akaburuta sanduku lake, akapita mlangoni bila kugeuka.

Alipopiga simu baada ya mtihani, Bibi aliishika simu kwa mikono miwili. Kwenye mashine ya kuigiza ndege wanayofanyia mtihani, wakati wa kutua walimzimia Oto bila kumwambia, na kiganja chake kikahisi vishikio vimesimama kabla hata hajaiona taa nyekundu. Wakati wa kuruka wakaiua injini moja mara tu baada ya vi-wan. Zamani angevuta. Safari hii mkono wake ulikwisha kuwa kwenye usukani, akaruka na injini iliyobaki kama aliyezaliwa angani. Alifaulu. Bibi akairudisha simu kwangu, akasema anakwenda kutafuta kitenge cha safari.

Na alipanda, Aikande akiwa mbele na mimi kando yake, tena kiti cha dirishani. Tulipokuwa tunashuka na injini zikawa zinapanda na kupungua sauti, abiria mmoja nyuma yetu akaanza kusali kwa nguvu. Bibi akamgeukia. "Tulia, baba. Huyo ni Oto. Na mkono wa mtoto wangu uko juu yake." Yule bwana alinyamaza mpaka tukatua, na nadhani mpaka leo hajaongea.

Sasa nisikilize, wewe unayeanza kazi, unayeoa au kuolewa, unayelea. Utapata wa kukusaidia: mashine, mfanyakazi, mwenza, rafiki. Mshukuru, mwache afanye kazi yake, lakini kiganja chako kikae pale juu, chepesi, ili siku akisimama ujue mapema. Ukimng'ang'ania utamchosha na kujichosha. Ukimwachia kila kitu utaamshwa na taa nyekundu. Na siku ya wewe kusaidia, saidia kwa mkono unaokubali kuteleza. Mwenye safari akitaka kushika mwenyewe, mpishe bila kununa. Halafu ujue wakati. Mtoto wako, mdogo wako, mwanafunzi wako atafika mahali ambapo kumvuta nyuma ni kumwangusha. Hapo toa mkono, hata kama moyo unauma, na usibakize kidole.

Mungu akujalie kiganja chepesi na mwendo wa kutosha, mwanangu. Akulinde unapopaa, akutue salama kwa watu wako. Na akuwekee karibu, maisha yako yote, mtu mmoja mwenye ungo wa maharage mapajani, wa kukutamkia vi-wan kwa sauti ya upole.