Hatua Arobaini kutoka kwa Mama Odette

Wenzangu wa Kalengera, mliniombea nilipoondoka, kwa hiyo inafaa niwaeleze safari ilivyokwenda. Niliitwa Goma na wifi yangu, Mama Aline, mjane wa kaka yangu Faustin. Mlima ulipotapika, moto wake ulifunika avenyu yao, mtaa wote, ukaganda kuwa mawe, na hati ya kiwanja ikaungua ndani ya nyumba. Sasa shefu wa avenyu alikuwa amepanga kupima upya parsele, viwanja vya watu, juu ya mawe hayo. Mama Aline, ambaye huniita kama watoto wake waniitavyo, alinitumia neno kwa dereva: "Shangazi, kuya na daftari yako. Wewe ndiye uliandika namna ya kufika kwetu."

Mnajua pia kwa nini alikitaka kiwanja kile kile na si kingine. Faustin alizikwa uani pao, nyuma ya jiko, siku za mapigano, barabara ya makaburini ilipokuwa imefungwa. Tulisema tutamhamisha vita vikitulia. Halafu mlima ukatangulia.

Asubuhi ya Jumatano nilipanda lori la kabichi, nikakaa mbele na dereva. Kabla ya Kibumba tulikuta kamba imevutwa barabarani, na askari wa waasi wamekaa pembeni.

"Mama, unaenda wapi?" mmoja aliuliza.

"Goma."

"Goma gani? Ile ya juu ao ile ya chini ya mawe?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, lakini sitasema alitutesa. Aliomba kabichi mbili, akashukuru, akalegeza kamba. Nimesikia wengine walitendewa vibaya sana pale pale. Nawaandikia nilichokiona mimi tu.

Munigi tulifika jua likiwa kichwani. Hapo ndipo nilipoyaona mawe kwa mara ya kwanza. Nilidhani yangekuwa kama mwamba wa mtoni, laini. Kumbe ni meusi, yamejikunja kama ugali uliokorogwa ukaachwa ukauke, na ncha zake zinakata ndala. Sehemu nyingine joto lilikuwa bado linapanda miguuni. Watu walikuwa wakipita juu yake na madumu ya maji, wakisalimiana, na wengine wameshasimamisha vibanda vya mbao. Dereva alinishusha, akanionyesha njia iliyokanyagwa na watu.

Alhamisi asubuhi tulikusanyika mahali palipokuwa na avenyu. Ukuta mmoja wa kanisa ulikuwa umesimama, na ng'ambo ya pili ulionekana mwisho wa kalaveti, ule mfereji upitao chini ya barabara, ambao moto haukuufikia. Vingine vyote vilikuwa mawe. Shefu, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, alikunjua ramani aliyopewa ofisini. Mtaa mzima ulikuwa umepakwa wino.

"Muzee," Mama Aline alimwambia, "hii rangi nyeusi ndiyo sisi?"

"Ndiyo ninyi, mama."

"Basi batu ya ofisi batuzike kabisa, bamalize."

Watu walicheka, hata shefu. Aliikunja ramani akaitia mfukoni, akatoa kamba ya nailoni. Walipima kwa kukumbuka: huyu alisimama palipokuwa mlango wake, jirani akasimama pake, wakatazamana, wakabishana, shefu akavuta kamba kati yao, wakapanga vijiwe. Mwanamke mmoja alisimama mahali pa jiko lake akainama kama anachochea kuni. Hakuna aliyemcheka.

Zamu yetu ilipofika, alikuwepo jirani wa Mama Aline, Papa Kambale, mtu wa Butembo, muuza misumari. Yeye pia karatasi zake ziliungua. Nilifungua daftari nikasoma kwa sauti: "Kutoka meza ya Mama Odette wa mikate, hatua arobaini, geuka kushoto, mlango wa bati ya buluu."

Shefu aliuliza, "Meza gani?"

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Niliandika kama sote tunavyoelekezana: kwa fulani, halafu kwa fulani. Mama Odette alikuwa ameuza mikate kwenye kalaveti miaka mingi. Askari walipoweka kizuizi pale, alihamisha meza hadi kwenye ukuta wa kanisa. Watu waliendelea kusema "kwa Mama Odette" bila kujali meza iko wapi. Naye aliukimbia moto, hakuna ajuaye aliko.

"Ilikuwa kwa kanisa," Mama Aline alisema haraka.

"Ilikuwa kwa kalaveti," alisema Papa Kambale. "Mama, siko nakufanyia fitina. Ninavyokumbuka ni vile."

Shefu alipima hatua arobaini kutoka pande zote mbili. Tukihesabu kutoka kanisani, kaburi la Faustin, pale Mama Aline alipokumbuka kwa kuutazama ukuta wa kanisa, liliangukia ndani ya kiwanja chake. Tukihesabu kutoka kwenye kalaveti, viwanja vyote vilisogea, na kaburi likawa ndani ya kiwanja cha Papa Kambale.

"Wewe mwenye daftari," shefu alinigeukia. "Siku ile uliandika, meza ilikuwa wapi?"

Kabla ya hapo nilikuwa nimefika Goma mara mbili: mara ya kwanza kabla ya kizuizi, mara ya pili kwa mazishi, meza ikiwa imeshahama. Ukurasa ule sikuuandikia siku wala mwezi. Mama Aline alikuwa akinitazama mdomoni. Nilijaribu kuiona ile meza, nikaona mikate tu, na kitambaa cheupe, na mkono wa Mama Odette ukifukuza nzi. Nyuma yake sikuona ukuta, wala barabara.

"Sijui," nilisema.

Shefu aliviangalia vijiwe vya viwanja vya wenzetu. Kisha akaamua tuhesabu kutoka kwenye kalaveti, kwa sababu parsele za wenzetu waliotangulia ziliingiana vizuri hivyo. Siwezi kusema alitudhulumu. Mama Aline alipata kiwanja, chenye ukubwa uleule.

Papa Kambale alikuja akavua kofia. "Mama Aline, mupange mawe pale munaona iko. Ile kona sitajenga. Na choo nitaweka upande ingine."

Mama Aline alipanga mawe, akayasogeza kidogo, akayasogeza tena. Mwishowe akayaacha.

Ijumaa alinisindikiza hadi Munigi kungoja lori. Tulitembea juu ya mawe mpaka karibu na barabara.

"Ungesema tu kanisa, shangazi," alisema. "Hakuna mutu angejua."

"Najua."

"Labda ni kweli ilikuwa kanisa."

"Labda."

Hakunikasirikia, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Alinipa mkono, akarudi.

Sijui kama nilitenda haki au niliogopa tu kusema. Nimejifunza kwamba mahali pa mtu hapakai ardhini peke yake: panakaa kwa majirani wanaopataja, na wakitawanyika, panaondoka nao. Watoto wa ukoo wakiniuliza Faustin amelala wapi, sitanyoosha kidole. Nitaufungua mkono wote, niuelekeze Goma.