Sahani ya Neeltje Chini ya Waferi

Saa kumi na mbili asubuhi, Siku ya Mfalme, sikukuu ambapo Waholanzi huuza vitu vyao vya zamani barabarani, Marjolein Verkuijl anapenya kati ya mikeka ya wauzaji kando ya mfereji, mjini Gouda. Leo hana ufagio. Anainua sahani yenye picha ya kinu cha upepo, anaigeuza, anachungulia kitako, anairudisha.

"Vinu vya upepo vyote vinafanana," anasema. "Mimi nasoma herufi za mchoraji, huku chini."

Marjolein, 58, ni mfagiaji wa barabara. Kwa miaka tisa amekusanya vyombo 212 vya kauri, vilivyochorwa kwa mkono miaka ya hamsini ili viuzwe kwa watalii. Hajawahi kulipa zaidi ya euro tano kwa kimoja. Mumewe, Ruud, analalamika kwamba hana hata pa kuweka kikombe chake cha kahawa.

Anachotafuta hasa ni kimoja tu, chenye herufi NB. Ni alama ya mama yake, Neeltje Bokhoven, 87, aliyechora vyombo hivyo kiwandani miaka sita hadi alipoolewa, akaondoka bila hata kisahani. Sasa macho yake yanafifia. Daktari amesema huenda mwakani asione rangi.

"Mama ananiambia niache kujisumbua. Lakini roho inaniuma," anasema Marjolein.

Kwenye mkeka wa ajuza mmoja, Bibi Corrie, kuna vitabu tu, na sahani ya buluu yenye waferi, biskuti nyembamba za shira, za kukaribishia wateja. Mazoea yana taabu: Marjolein anaigeuza. Waferi zote chini.

"We mama, una wazimu?"

"NB! Bibi, hii kaichora mama yangu!"

"Kaichora nani? Ninayo tangu naolewa. Haiuzwi!"

Marjolein anamweleza habari za macho ya mama yake. Bibi Corrie anaipangusa sahani makombo.

"Haya, chukua. Mwambie imelisha watoto wangu watano. Na hizo waferi uziokote!"

Saa nne, dirishani kwake, Neeltje anaisogeza sahani karibu na pua. Anaitazama weee, kisha anaangua kicheko.

"Kinu gani hiki kimepinda? Hii niliichora Ijumaa jioni, mbiombio! Baba yako alikuwa ananingoja getini na baiskeli."

"Mama! Miaka tisa nimeitafuta!"

"Na umeokota mbaya kuliko zote. Nzuri nilizichora Jumatatu asubuhi, mwanangu. Nenda kazitafute, bado naona."

Marjolein anacheka huku akifuta machozi kwa mkono wa shati. Jumapili kuna soko la vitu vya zamani Delft, na ameshaomba ruhusa kazini.

"Nitafanyaje?" anasema. "Nimeagizwa ya Jumatatu asubuhi."