Neno la Kufunga

Mwanawetu alikuwa mshona magodoro wa mtaa wa Nateete, mke mkubwa wa Abubakar mwenye duka, na katika miaka ile ya utawala wa wanajeshi hakuna kilichomchoma kama Kiingereza cha mke mwenzake.

Mwenzake huyo, Sitti, alikuwa amesoma chuo cha Kyambogo. Basi Abubakar alipolazwa na uvimbe tumboni, daktari wa upasuaji, Dokta Otema, akauliza nani mwenye mgonjwa. Wote wawili wakasimama. Daktari akatazama nguo, akatazama viatu, akaanza kumwaga Kiingereza kwa Sitti. Mwanawetu kasimama pale kama mwavuli wa mtu. Miaka kumi na tisa na mume, na habari za tumbo la mume zinampita juu ya kichwa!

Daktari alipokwenda zake, Mwanawetu akamuuliza mwenzake, "Kasemaje?"

"Mambo mazuri, bi mkubwa. Tumwombe Mungu."

"Yeye kakupa kikapu kizima, wewe wanipa kiganja!"

Sitti akacheka kidogo. Cheko lile Mwanawetu hakulisahau.

Siku ya kupasuliwa walikaa benchi moja tangu asubuhi, mkoba katikati yao. Adhuhuri Sitti akaenda kuswali. Hata hajafika mbali, mlango ukafunguka, daktari akatoka, kofia ya kitambaa bado kichwani. Akamkuta Mwanawetu peke yake, ikambidi atumie kile Kiswahili chake cha barabarani.

"Mama, tumefungua yeye, tumetoa ile mbaya yote, tumefunga. Hakuna maneno."

Mwanawetu alielewa papo hapo. Mtu aliyefungua na kufunga magodoro maisha yake yote, ashindwe na hilo? Moyo ukajaa raha. Leo habari ni zake.

Sitti akarudi mbio. "Daktari kasemaje?"

"Wamemfunga," akasema Mwanawetu, akanyamaza. Kiganja kwa kiganja.

Lakini miaka ile neno hilo mjini lilikuwa na maana moja tu. Watu walichukuliwa madukani, hata vitandani mwao. Sitti akanyakua mkoba.

"Wamefunga mgonjwa! Nakwenda kambini kwa wanajeshi, waniambie wamempeleka wapi." Akatoka.

Mwanawetu alimtazama dirishani akivuka uwanja. Waliokwenda kuuliza hivyo, wengine hawakurudi. Na wazo likampitia, hapana haja ya kulificha: nyumba itakuwa yake peke yake tena. Wazo hilo likamtisha kuliko kambi yenyewe. Akaacha viatu chini ya benchi, akakimbia.

Alimkamata langoni mwa hospitali, hatua chache tu kutoka kwa askari wawili waliokaa wakila muhogo. Akamvuta mkono, akamnong'oneza, "Wamefunga tumbo, Sitti! Wameshona! Mumeo mzima."

Sitti akahema. "Ulijua nitalielewa vipi neno lile?"

"Nilijua."

Wakarudi ndani. Sitti akaokota viatu chini ya benchi, akaviweka mbele ya miguu ya mwenzake.

Kesho yake daktari akaja kitandani kwa Abubakar, akamgeukia Sitti na Kiingereza chake. Sitti akamkatiza kwa maneno machache. Daktari akaitikia, akaanza upya kwa Kiswahili, safari hii akimtazama Mwanawetu usoni.

Mwanawetu alisikia yote, hadi siku ya kutolewa nyuzi. Ila lililomkaa rohoni ni kwamba hata kule kumwambia daktari aseme Kiswahili, Sitti alimwambia kwa Kiingereza.